Utoshelevu wa data kwenye GMAT: kulikabili swali la mafumbo bila kulikokotoa

Anza na swali hili la utoshelevu wa data (Data Sufficiency): unapewa fumbo na kauli mbili, nawe unasema ni kauli ipi inatosha kulijibu.

Bomba la kwanza likifunguliwa peke yake hujaza tangi kwa saa 6. Likifunguliwa pamoja na bomba la pili, tangi hujaa kwa saa ngapi?
(1) Bomba la pili peke yake hujaza tangi hilo kwa saa 3.
(2) Kwa kila saa, bomba la pili hutoa maji mara mbili ya bomba la kwanza.

Wanafunzi wengi niliokaa nao hufanya hivi. Wanasoma kauli ya kwanza, wanashika kalamu: moja ya sita jumlisha moja ya tatu, ni nusu ya tangi kwa saa, basi saa 2. Wanafurahi, wanachagua "kauli ya kwanza pekee inatosha", wanahamia swali linalofuata. Wamekosa. Kauli ya pili inasema jambo lilelile kwa maneno mengine, kwa hiyo nayo inatosha peke yake. Jibu ni kwamba kila moja inatosha.

Hesabu yao haikuwa na kosa hata moja. Kilichowaponza ni zile saa 2: walipozipata waliona kazi imekwisha, kumbe hakuna aliyewauliza ni saa ngapi. Mtunga swali anataka kujua kama kwa taarifa alizokupa jibu lingepatikana, na kama lingekuwa moja tu. Ukishalishika hilo, nusu ya kalamu utaiweka chini.

Mtihani ulivyo sasa

Maswali haya ni ya GMAT, mtihani wanaofanya watu wanaoomba kusoma shahada ya uzamili ya biashara. Kwa miaka mingi yalikaa katika sehemu ya hesabu. Toleo jipya lilipoanza Novemba 2023 yakahamishiwa sehemu iitwayo Data Insights, yenye maswali 20 kwa dakika 45, na humo una kikokotoo kwenye skrini. Kwa hiyo kama unatumia kitabu cha zamani, mbinu zake bado zinafaa, ila mpangilio wa mtihani unaoelezwa humo umepitwa.

Gawanya dakika 45 kwa maswali 20, kila swali linapata dakika 2 na sekunde 15. Lakini sehemu hiyo ina pia majedwali na grafu zinazokula muda. Mimi huwaambia watu swali la utoshelevu wasilipe zaidi ya dakika 2. Na hicho kikokotoo kisikushawishi. Ukijikuta unabonyeza namba kwenye swali la utoshelevu, simama ujiulize unatafuta nini.

Majibu matano hayabadiliki kamwe, wala mpangilio wake haubadiliki. Watahiniwa wamezoea kuyaita kwa herufi:

A: kauli (1) pekee inatosha, (2) pekee haitoshi.
B: kauli (2) pekee inatosha, (1) pekee haitoshi.
C: zote mbili kwa pamoja zinatosha, lakini hakuna inayotosha peke yake.
D: kila kauli inatosha peke yake.
E: hata zikiunganishwa hazitoshi.

Yakariri mpaka uweze kuyataja ukiwa umelala nusu. Mtu anayeyasoma upya kwa kila swali anapoteza sekunde ambazo hana.

Hatua ya kwanza: funika kauli, fanyia kazi swali

Weka kiganja juu ya kauli zote mbili. Nasema kweli, kiganja, unapofanya mazoezi kwenye karatasi. Soma fumbo lenyewe na ujibu mambo mawili kabla hujafunua kitu.

La kwanza: swali linataka thamani, au linataka ndiyo au hapana? "Kuna viti vingapi?" linataka thamani. "Je, viti vinazidi 50?" linataka ndiyo au hapana. Hayo ni maswali mawili tofauti, na kiwango cha kutosha kwake ni tofauti. Swali la thamani linatoshelezwa na namba moja tu. Swali la ndiyo au hapana linatoshelezwa na jibu lisiloyumba, hata kama hujui namba yenyewe.

La pili: ningehitaji kujua nini ili nijibu? Hapa ndipo fumbo linapogeuzwa kuwa hesabu, na hapa ndipo pointi nyingi zinapopatikana au kupotea. Tazama mfano huu kwa karibu.

Gari lilikwenda kutoka mji P hadi mji Q, likarudi kwa njia ileile. Wastani wa mwendokasi kwa safari nzima ulikuwa kilomita ngapi kwa saa?
(1) Lilikwenda kwa kilomita 60 kwa saa, likarudi kwa kilomita 40 kwa saa.
(2) Kutoka P hadi Q ni kilomita 120.

Kauli ukiwa umezifunika, andika: wastani ni umbali wote gawanya kwa muda wote. Umbali wa upande mmoja uite d. Umbali wote ni 2d. Muda ni d gawanya kwa mwendokasi wa kwenda, jumlisha d gawanya kwa mwendokasi wa kurudi. Sasa iangalie hiyo d. Ipo juu, ipo chini katika kila kipande. Itajikata yenyewe. Kwa hiyo unachohitaji ni mwendokasi wa kwenda na wa kurudi, na umbali hauna kazi.

Funua. Kauli ya kwanza inakupa hasa hicho unachokihitaji. Inatosha. Ya pili inakupa umbali peke yake, haitoshi. Jibu ni A. Ukitaka kujiridhisha: d/60 jumlisha d/40 ni d/24, na 2d gawanya kwa d/24 ni 48. Lakini hiyo 48 hukuihitaji.

Aliyeanza na kauli hufikiri hivi: "Nina mwendokasi, sina umbali. Kauli ya pili ina umbali. Nikiziunganisha nina kila kitu." Anachagua C kwa moyo mweupe. Mtunga swali aliiweka kauli ya pili pale kwa ajili yake.

Hilo hutokea kila swali linapouliza uhusiano badala ya idadi: uwiano, asilimia, wastani wa mwendo, sehemu ya kazi iliyofanyika. Ukiulizwa uwiano wa wavulana kwa wasichana darasani, na kauli moja ikasema wavulana ni asilimia 40 ya wanafunzi wote, umeshapata 2 kwa 3. Kauli nyingine inayosema darasa lina wanafunzi 30 ni pambo.

Hatua ya pili: kauli (1) peke yake, na kukata majibu

Ukijiuliza kama kauli ya kwanza inatosha, kuna majibu mawili, na kila moja linakata orodha papo hapo. Inatosha: zimebaki A na D. Haitoshi: zimebaki B, C na E. Andika herufi zilizobaki pembeni, usizibebe kichwani. Muda ukikuishia hapo, angalau unabahatisha kati ya mawili au matatu badala ya matano.

Wakati mwingine kauli ya kwanza ni ndefu na ya kutisha na ya pili ni nyepesi. Hakuna sheria inayokulazimisha kufuata mpangilio. Anza na nyepesi. Ya pili ikitosha, zinabaki B na D. Isipotosha, zinabaki A, C na E.

Kuthibitisha kwamba kauli haitoshi, unahitaji mifano miwili inayotii kauli hiyo na kutoa majibu tofauti. Miwili tu. Usitafute wa tatu. Kuthibitisha kwamba inatosha ni kazi nyingine kabisa: mifano kumi inayokubaliana haithibitishi chochote, lazima uone sababu.

Jaribu hili. Je, idadi ya viti ukumbini inagawanyika kwa 6?
(1) Viti vyote vikipangwa kwa safu za viti 9, hakuna kinachobaki.
(2) Viti vyote vikipangwa kwa safu za viti 4, hakuna kinachobaki.

Kauli ya kwanza: viti 9, hapana. Viti 18, ndiyo. Imeyumba, haitoshi. Ya pili: viti 4, hapana. Viti 12, ndiyo. Haitoshi. Kwa pamoja: idadi ni kigawe cha 9 na cha 4, yaani kigawe cha 36, na kila kigawe cha 36 kinagawanyika kwa 6. Sababu ipo. C, na safari hii ni C ya halali.

Hatua ya tatu: isahau kauli ya kwanza

Hii ndiyo hatua rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza. Umeshatumia sekunde 40 ukiishi ndani ya kauli ya kwanza, umeshajua gari lilikwenda kwa kilomita 60, halafu unaambiwa ujifanye hujui. Akili haikubali. Inavusha taarifa kimyakimya.

Dawa yangu ni mstari. Chora mstari kwenye ubao wako wa kuandikia: kushoto kauli ya kwanza, kulia ya pili. Unapohamia kulia, andika upya kile fumbo lenyewe linachosema, hata kama ni mlinganyo mmoja mfupi, kisha ongeza kauli ya pili. Chochote kisichoandikwa kulia hukijui. Nilikuwa nikiona ni utoto, mpaka siku nilipohesabu makosa ya jaribio langu moja nikakuta karibu yote yalitokana na kuvusha taarifa upande usiofaa.

Kuna jambo moja linalokusaidia bure: kauli mbili za swali moja hazipingani. Ukipata 7 kutoka kauli ya kwanza na 5 kutoka ya pili, umekosea mahali. Rudi.

Hatua ya nne: ziunganishe, ikiwa tu zote zimeshindwa

Ukifika hapa, zimebaki C na E tu. Kama umefika hapa na mojawapo ilikuwa imetosha, umeruka kitu.

Kabla hujaunganisha, tazama kama kauli hizo zinasema jambo moja kwa sauti mbili. Mathalani: vitabu 2 na kalamu 3 vinagharimu 20, vitabu 4 na kalamu 6 vinagharimu 40. Bei ya kitabu kimoja ni ngapi? Milinganyo miwili, visivyojulikana viwili, mtu anakimbilia C. Lakini wa pili ni wa kwanza uliozidishwa kwa 2. Hakuna kipya. E. Kauli mbili zikiwa na maana moja, jibu ni D au E, basi.

Sasa geuza swali: vitabu 6 na kalamu 9 ni bei gani? Kauli ya kwanza peke yake inatosha, zidisha kwa 3. Ya pili nayo inatosha, zidisha kwa moja na nusu. D. Bei ya kitabu bado huijui, na hakuna aliyekuuliza.

Kanuni ya "milinganyo miwili" na pale inapokudanganya

Sote tulifundishwa kwamba visivyojulikana viwili vinahitaji milinganyo miwili. Kwenye algebra tupu ni kweli, mradi milinganyo isiwe inarudiana. Kwenye mafumbo kanuni hiyo ina tundu kubwa, kwa sababu vitu vya kwenye mafumbo vina tabia zake. Watu hawagawanyiki vipande. Tiketi hainunuliwi nusu. Urefu hauwi hasi. Masharti haya hayaandikwi kwenye kauli, yamejificha ndani ya nomino.

Mtu alinunua tiketi za dola 7 na tiketi za dola 11, angalau moja ya kila aina. Alinunua ngapi za dola 11?
(1) Alinunua tiketi 6 kwa jumla.
(2) Alilipa dola 58 kwa jumla.

Kauli ya kwanza haitoshi, tiketi za dola 11 zinaweza kuwa 1 hadi 5. Ya pili inatoa mlinganyo mmoja wenye herufi mbili, na hapo mkono unaanza kuelekea C. Uzuie. Tiketi ni namba kamili, kwa hiyo jaribu moja moja. Ondoa 11 kwenye 58, inabaki 47, haigawanyiki kwa 7. Ondoa 22, inabaki 36, hapana. Ondoa 33, inabaki 25, hapana. Ondoa 44, inabaki 14: tiketi 2 za dola 7. Ondoa 55, inabaki 3, hapana. Njia ni moja tu. Tiketi za dola 11 ni 4. Kauli ya pili inatosha peke yake, jibu ni B.

Usitoke hapo ukiamini kwamba sharti la namba kamili hutosha kila mara. Badili dola 58 ziwe dola 113. Sasa tiketi 13 za dola 7 na 2 za dola 11 zinatimiza, na vilevile tiketi 2 za dola 7 na 9 za dola 11. Njia mbili, kauli haitoshi. Kauli ya kwanza ikisema jumla ni tiketi 11, jibu linakuwa C. Sura ya swali ni ileile, namba ndizo zilizoamua. Ndiyo maana aina hii ni mojawapo ya chache ambapo nakuruhusu kuhesabu kweli, tena hadi mwisho wa orodha. Anayepata njia ya kwanza na kusimama hajathibitisha kitu.

Upande wa hasi ni hivyohivyo. Uwanja wa mraba wenye eneo la mita za mraba 49 una upande wa mita 7, hakuna mjadala. Lakini "namba fulani, kipeo chake cha pili ni 49" inaweza kuwa 7 au hasi 7. Nomino ikiwa uwanja, watu, umri, mwendo au bei, hasi imeondoka. Nomino ikiwa "namba" tu, jaribu hasi, jaribu sifuri, jaribu sehemu, kabla hujasema imetosha.

"Hapana" ni jibu

Kwenye maswali ya ndiyo au hapana, neno hapana huwatisha watu. Je, idadi ya wanafunzi ni namba tasa? Kauli: waligawanywa katika makundi ya watu wanne wanne, hakuna aliyebaki. Idadi hiyo ni kigawe cha 4, haiwezi kuwa tasa hata siku moja. Jibu ni hapana, daima hapana, basi kauli inatosha. Niliwahi kumwona mtu mwenye shahada ya uhandisi akiandika "haitoshi" hapa kwa sababu aliona kauli "imelikataa" swali. Kinachokatazwa ni kuyumba kati ya ndiyo na hapana.

Kutojua namba kamili nako si tatizo. Safari ya kilomita 150 ilichukua chini ya saa 3: je, wastani ulizidi kilomita 50 kwa saa? Ndiyo, bila shaka yoyote, ingawa hujui kama ulikuwa 51 au 90.

Mazoezi ya kufanya nyumbani

Wiki mbili za kwanza usiweke saa. Chukua maswali kumi, na kwa kila kauli andika mojawapo ya mambo haya: mifano miwili inayoonyesha kwamba haitoshi, au sentensi moja inayoeleza kwa nini inatosha. Huna ruhusa ya kuandika "naona inatosha". Ukikosa, usiandike tu herufi sahihi. Andika aina ya kosa. Daftari langu lilikuwa na safu nne: nilivusha taarifa, nilikimbilia C, nilisahau tabia ya nomino, nilikosea kutafsiri fumbo. Baada ya maswali 50 safu moja itakuwa ndefu kuliko nyingine zote, nayo ndiyo ya kuishughulikia. Saa iwekwe baadaye, ukiwa umeshajua ugonjwa wako.

Fanya hili la mwisho mwenyewe kabla hujashuka kwenye jibu.

Maji ya sukari yenye sukari asilimia 20 kwa uzito yalichanganywa na mengine yenye asilimia 50. Je, mchanganyiko una sukari zaidi ya asilimia 35?
(1) Maji ya asilimia 20 yaliyotumika yalikuwa na kilo nyingi kuliko ya asilimia 50.
(2) Maji ya asilimia 50 yaliyotumika yalikuwa kilo 5.

Kiganja juu ya kauli. Ni swali la ndiyo au hapana. Asilimia 35 iko katikati kabisa ya 20 na 50, kwa hiyo uzito ukilingana mchanganyiko unakuwa 35 kamili. Swali basi limejigeuza: je, ya asilimia 50 yalikuwa na kilo nyingi zaidi? Kauli ya kwanza inajibu hapana, tena hapana ya moja kwa moja. Inatosha, zimebaki A na D. Hamia kulia mwa mstari. Kilo 5 za asilimia 50, na zile za asilimia 20 hujui: zikiwa kilo 1, mchanganyiko una asilimia 45, zikiwa kilo 10, una asilimia 30. Mifano miwili, majibu mawili. A.